Ijara ya Kanda: Habari za Maktaba za Video Mjini Nakuru

Biashara nyingi za miji yetu ya bara huja na kuondoka pasipo mtu wa kuziandikia tarehe, kwa kuwa wenyeji huzihesabu kuwa mambo ya kila siku yasiyostahili kalamu. Hivyo duka likifungwa, bango likishushwa na chumba kikipewa mpangaji mwingine, habari zake hubaki katika vichwa vya waliokuwa wateja, na vichwa hivyo navyo vina muda wake. Katika biashara za namna hiyo, hakuna inayonisikitisha kusahauliwa kwake kama ile ya kukodisha kanda za video, ambayo ilipata mizizi Nakuru na miji ya jirani yake katika miaka ya 1980, ikastawi sana katika miaka ya 1990, kisha ikafifia upesi, hata kijana aliyezaliwa mjini humo baada ya mwaka 2005 haijui ila kwa kusimuliwa na wakubwa wake. Nakusudia kuieleza hapa jinsi ilivyokuwa, jinsi ilivyoendeshwa na jinsi ilivyokoma, maadamu wangali hai waliosimama pande zote mbili za kaunta yake.

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Njia ya gari la moshi iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali hapo pakatangazwa kuwa mji wenye mipaka yake. Walowezi wa Kizungu wakaufanya soko la ngano, maziwa na pareto yao, Wahindi wakafungua maduka karibu na stesheni, na watu wa kila kabila wakaja kutafuta kazi katika reli, mashamba na viwanda, wakakaa Bondeni, Kaloleni, Kivumbini na Langa Langa, na baadaye Kaptembwo na Rhonda. Mji wa namna hiyo, ambamo jirani hakumjua babu wa jirani yake, ulihitaji burudani isiyokuwa ya ukoo mmoja, na tangu zama za ukoloni burudani hiyo ilikuwa sinema. Mwenye kiingilio alikwenda Odeon. Mpenzi wa michezo ya jukwaani alikuwa na jumba la Nakuru Players. Na wale wa mashambani, kutoka Subukia hadi Molo, walingoja lile gari lililozunguka na kipaza sauti likinadi "sinema leo," likatundika kitambaa cheupe uwanjani kukiisha kuchwa, na kuonyesha picha zake katikati ya matangazo ya sabuni na dawa. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962 na kupata rangi mwaka 1978, lakini stesheni ilikuwa moja tu, ya serikali, mpaka KTN ilipofunguliwa mwaka 1990. Na aliyetaka kuchagua mwenyewe atakachotazama, na saa ya kukitazama, na watu wa kukitazama pamoja naye, hakuwa na njia yoyote.

Njia ilikuja kutoka Japani. Kampuni ya Sony ilitoa chombo chake cha Betamax mwaka 1975, na mwaka uliofuata JVC ikatoa chake cha VHS, na ingawa mafundi wengi walishuhudia kwamba picha ya Betamax ilikuwa safi zaidi, kaseti zake za kwanza zilichukua saa moja tu, ilhali za VHS zilichukua mbili, yaani urefu wa filamu nzima. Na mtu anayekodi filamu hataki kuinuka katikati ya kisa. Huko Los Angeles, mwaka 1977, mtu aitwaye George Atkinson alifungua duka la kukodisha kanda ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake, na katika muda wa miaka michache biashara hiyo ilikuwa imevuka bahari zote. Kwetu Kenya haikuvuka kwa meli ya mizigo, kwa sababu serikali ya wakati ule ilizuia bidhaa za anasa kwa leseni na kwa ugumu wa kupata fedha za kigeni, na vizuizi hivyo havikulegezwa hadi mwaka 1993; ilivuka ndani ya masanduku ya wasafiri, mashine moja moja, kutoka Uingereza na nchi za Ghuba, ikaingia kwanza katika nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, za wenye mashamba makubwa, na za wakubwa wa serikali waliokaa Milimani.

Hapana budi kukiri kwamba Wahindi ndio waliotuanzia biashara hii. Familia za mjini zilizokuwa na desturi ya kwenda kutazama filamu za Bombay kwenye sinema zilipata sasa kuzitazama sebuleni, bibi na mjukuu pamoja, na kanda moja ikapita nyumba kumi kabla ya kupumzika. Kutoka katika mzunguko huo wa jamaa na marafiki likazaliwa duka. Filamu zenyewe zilikuwa ndefu, na kaseti ya kawaida iliyoandikwa E-180 ilikuwa na dakika 180 tu, hivyo filamu kama *Sholay* ya mwaka 1975, ipitayo saa tatu, ama iligawanywa katika kaseti mbili ama ilikatwa mwisho wake, na mtazamaji aliyekodi nakala iliyokatwa alirudi dukani kuulizia yaliyompata shujaa. Jambo jingine lililowasumbua wenye maduka wa mwanzo ni kwamba mitambo yetu ilifuata utaratibu wa PAL, uliorithiwa kwa Waingereza, na kaseti zilizoletwa na jamaa kutoka Marekani zilikuwa za NTSC. Mtu aliweza kuipigania kanda mpya kabisa, akailipia, akaifikisha nyumbani, na ikatoa picha ya kijivu yenye kutetemeka, au isitoe kitu.

Duka lenyewe aghalabu lilikuwa chumba kimoja, nyuma ya Kenyatta Avenue au pembeni mwa mtaa wa makazi, mara nyingi likishirikiana na biashara nyingine kama vile studio ya picha, duka la vifaa vya umeme au kinyozi. Ukutani yalipangwa makasha matupu yenye picha za rangi, ili mteja achague kwa macho, na kaseti zenyewe zilikaa nyuma ya kaunta zikiwa na namba tu. Juu ya kaunta kulikuwa na daftari kubwa lenye mistari, na daftari hilo ndilo lililokuwa moyo wa biashara yote. Mtu mgeni hakupewa kanda kwa uso wake. Alitakiwa kujiandikisha, aonyeshe kitambulisho, aeleze anakokaa na anakofanya kazi, aweke amana ya fedha ambayo angerudishiwa siku ya kujitoa, na mara nyingi aje na mwanachama wa zamani wa kumdhamini. Baada ya hapo alilipa ijara ya usiku mmoja kwa kila kanda, na akichelewa alitozwa faini ya kila siku, na akiirudisha pasipo kuirudisha nyuma mpaka mwanzo wake alitozwa faini nyingine ndogo, iliyoleta ugomvi mwingi kuliko ile kubwa. Yako maduka yaliyokodisha hata deki yenyewe, yaani mashine ya kuchezea kanda, kwa siku za mwisho wa juma, ikabebwa nyumbani ikiwa imeviringishwa kwa blanketi, na mtaa mzima ukajua kwamba nyumba fulani leo ina video.

Natua kidogo kwenye jambo la amana na dhamana, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona thamani ya biashara hii katika mji kama Nakuru. Kaseti moja ilikuwa na bei iliyozidi ijara yake mara nyingi sana, na mwenye duka aliyempa mtu kaseti tatu Ijumaa jioni alikuwa amemwachia mali ambayo, kama ingepotea, ingemgharimu faida ya majuma kadhaa. Benki haikumkopesha karani wa reli kwa urahisi huo, wala muuza nguo wa Wakulima Market. Lakini maktaba ya video ilimkopesha, kwa neno la jirani yake tu. Mkikuyu wa Free Area alimdhamini Mluo wa Ponda Mali kwa sababu walifanya kazi chumba kimoja. Mwalimu Mkalenjin aliaminiwa na Mhindi mwenye duka kwa sababu alimfundisha mtoto wake. Daftari lile liliandika majina ya watu wa kila asili katika ukurasa mmoja, si kwa mahubiri ya umoja wala kwa amri ya mkuu wa wilaya, bali kwa kuwa wote walitaka kitu kimoja, na walijua kwamba atakayevunja uaminifu atafungiwa mlango. Nadhani ni vyema jambo hili likaandikwa, kwa sababu mengi yaliyoandikwa juu ya watu wa Bonde la Ufa katika miaka hiyohiyo ni habari za watu kutoaminiana.

Mwenye duka alikuwa pia mshauri. Alijua kwamba mama wa nyumba fulani hataki damu, kwamba kijana wa fundi magari amekwisha kumaliza filamu zote za karate na sasa anazirudia, kwamba mzee mstaafu wa jeshi anapenda za ng'ombe na farasi za Marekani. *Enter the Dragon* ya mwaka 1973 haikukaa rafuni hata siku moja, wala *Commando* ya mwaka 1985, na *Coming to America* ya mwaka 1988 iliandikiwa foleni. *The Gods Must Be Crazy* ilitazamwa na watoto hata kanda ikachubuka. Na ilipofika *Sarafina!* ya mwaka 1992, walimu waliikodi kwa ajili ya shule, wanafunzi wakakaa sakafuni chumba kizima. Mteja asiyejua anachotaka, na wengi hawakujua, aliuliza tu kama kuna kitu kizuri, na jibu alilopewa lilikuwa la mtu aliyezitazama kanda zake karibu zote, aliyeujua uchovu wa mteja wake na idadi ya watoto wake. Mashine za leo hutoa mapendekezo pia, na huyatoa upesi. Lakini hazijapata kumwambia mtu kwamba filamu hii asiitazame leo kwa kuwa juzi alikuwa na msiba.

Hali ya nchi yenyewe ilikuwa adui wa kanda. Katika miezi ya kiangazi, tangu Januari hadi mvua za Machi, vumbi laini la udongo wa volkano huinuka Nakuru na kuingia kila tundu, na katika miaka ambayo ziwa lilipungua sana, kama ilivyotokea katikati ya miaka ya 1990, chamchela zilizotoka kusini zilibeba na magadi ya ufukoni. Ndani ya deki mna vichwa vidogo vinavyozunguka kwa kasi na kuusoma ukanda wenye upana wa milimita 12.7 unaopita mbele yake, na punje moja ya vumbi hutosha kuukwaruza ukanda huo tangu mwanzo hadi mwisho. Hivyo fundi wa kusafisha vichwa, mwenye pamba yake na chupa ya spiriti, alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Ukipanda Elburgon na Molo, ambako baridi na ukungu hukaa mpaka saa nne za asubuhi, vumbi lilipungua lakini kuvu ikachukua nafasi yake: kanda iliyoachwa miezi miwili kwenye rafu ya mbao iliota madoa meupe, na mwenye kuitia katika mashine aliiambukiza mashine nzima. Wenye maduka wa huko juu waliweka kanda zao karibu na jiko, jambo ambalo nalo lilikuwa na hatari zake.

Zaidi ya sebule za wenye deki, maktaba hizi zililisha vibanda vya video, ambavyo ndivyo vilivyoifikisha biashara kwa umma. Kibanda kilikuwa chumba cha mabati au cha mbao chenye madawati, pazia nzito mlangoni, televisheni moja na spika mbili, na kiingilio chake kilikuwa sarafu ambayo hata mchuuzi wa njugu aliweza kuitoa. Vilienea Kaptembwo na Rhonda, vikaenea Karagita ya Naivasha walikokaa vibarua wa mashamba ya maua, na Salgaa walikopumzika madereva wa malori, na Njoro karibu na chuo cha Egerton. Mahali pasipofika nguzo za umeme walitumia jenereta, iliyopigiwa kelele na watazamaji kila ilipokohoa. Mwenye kibanda alichukua kanda dukani asubuhi kwa ijara kubwa kuliko ya mteja wa nyumbani, akaionyesha mara nne au tano, na kuirudisha ikiwa moto. Wazazi na walimu walivilalamikia kwa haki, kwa kuwa watoto walikimbilia humo saa za masomo na kuona yasiyowafaa. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, ilitaka kila maonyesho ya hadharani yawe na leseni na kila filamu iainishwe kwa umri, na machifu waliingia mara kwa mara kufunga na kutoza. Lakini vibanda hivyo ndivyo vilivyokuwa jumba la sinema la mtu wa chini, na humo ndimo zilimopendwa filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi wetu, ambao mashuhuri wao kwa Kenya ni DJ Afro, kama Dar es Salaam walivyokuwa na Lufufu na Kampala ina wasimulizi wake kwa Kiganda. Mtu asiyejua Kichina wala Kihindi alicheka na kulia kwa lugha yake mwenyewe, na hadhira ya chumba kizima ikamjibu msimulizi kama watu wanaojibizana barazani.

Ingawa nimeisifu biashara hii, sina haki ya kuficha kwamba msingi wake haukuwa safi. Kanda nyingi zilizokodishwa zilikuwa nakala za nakala, zilizorekodiwa usiku kwa deki mbili zilizounganishwa kwa waya, na mtunzi wa filamu, awe Mmarekani, Mhindi au Mkenya, hakupata senti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilianzisha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na baadaye kukawa na vibandiko maalumu vya kuonyesha nakala halali. Lakini kufikia wakati huo mazoea yalikuwa na umri wa miaka ishirini, na walioumia kuliko wote walikuwa watengenezaji wetu wenyewe, waliouza kazi zao za Kiswahili na za lugha za nyumbani kwa nakala chache na kuzikuta juma lililofuata zimezaana sokoni.

Wengi husema kwamba maktaba za video ziliuawa na mtandao. Si kweli, au ni kweli nusu tu. Zilipona baada ya KTN kuja. Zilipona baada ya stesheni nyingine za televisheni kuongezeka mwishoni mwa miaka ya 1990. Na kulegezwa kwa biashara mwaka 1993 kulizinufaisha, kwa kuwa deki zilishuka bei na kufika katika nyumba za walimu na makarani. Kilichoziua ni sahani. VCD ilitoka mwaka 1993, na DVD ikatoka Japani mwaka 1996, na zilipofika kwetu kwa wingi mwanzoni mwa karne hii, pamoja na mashine za Kichina za bei ndogo za kuzichezea, zilileta badiliko ambalo wenye maduka hawakuliona hatari yake mapema. Kuichapa nakala ya kaseti kulichukua muda sawa na urefu wa filamu, na kaseti tupu yenyewe ilikuwa ghali. Kuichapa nakala ya sahani kulichukua dakika chache, na sahani tupu ilikuwa karibu na bure. Basi wachuuzi wakajaa kandokando ya barabara na katika kituo cha magari, wakiuza sahani moja kwa shilingi 50, na ndani ya sahani hiyo zimeshindiliwa filamu kumi na zaidi, zote za mwigizaji mmoja au za aina moja. Ijara ikakaribiana na bei ya kununua. Tangu siku hiyo amana haikuwa na maana, wala dhamana ya jirani, wala faini, wala daftari. Kwa maana mali ambayo haina thamani ya kurudishwa haiwezi kukodishwa, na mwenye duka ambaye biashara yake yote ilisimama juu ya ahadi ya kurudisha alibaki na rafu za kanda ambazo hakuna mtu aliyezitaka hata kwa zawadi.

Baadhi yao walifuata mkondo, wakaweka tarakilishi mahali pa kaseti na kuwachomea wateja sahani, kisha sahani nazo zilipochoka wakawapakulia filamu na tamthilia ndefu za Marekani, kama *24* na *Prison Break*, katika flashi. Wanafunzi wa Egerton hawakuwahitaji hata hao, kwa kuwa walibadilishana wao kwa wao kutoka tarakilishi hadi tarakilishi bwenini. Ndipo zikaja nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka 2009, na bei ya mtandao ikaanza kushuka. Mwaka 2015 mitambo ya televisheni ya analogi ikazimwa na kila nyumba ikalazimika kupata kisimbuzi chenye stesheni nyingi. Na Januari 2016 Netflix ikafunguliwa rasmi Kenya pamoja na karibu dunia nzima. Hayo yote yaliwakuta maiti wamekwisha kuzikwa. Huko Marekani ambako biashara ilianzia, Blockbuster, iliyoanzishwa Dallas mwaka 1985 na kufikia maduka yapatayo 9,000 mwaka 2004, ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika Septemba 2010. Lakini Nakuru maduka mengi yalikuwa yamefungwa kabla ya hapo, kwa kuwa mwenye duka wetu hakuwa na benki ya kumkopesha miaka ya kungojea. Vibanda vya video vilidumu zaidi, vikiokolewa na mpira wa Uingereza, na vingi kati ya hivyo leo ni vya mpira tu. Vyumba vya maktaba vimekuwa vya M-Pesa, vya kunyoa, vya kuuza simu na vifaa vyake, na Desemba 2021 Nakuru ilipopewa hati ya kuwa jiji, sikusikia mtu aliyezitaja katika hotuba za historia ya mahali hapo.

Liko jambo la mwisho, nalo kwangu ni zito kuliko filamu zote za Bombay na Hollywood. Wenye maduka wengi walikuwa pia na kamera ya video, na Jumamosi walikwenda kurekodi harusi, posa, tohara, harambee za shule, mazishi ya wazee na sikukuu za makanisa, kutoka Gilgil mpaka Eldama Ravine. Mwenye shughuli alipewa nakala yake, na kanda mama ikabaki dukani. Baadaye, katika fujo za kisiasa zilizochoma Molo na Olenguruone mwaka 1992, na Njoro Januari 1998, na Nakuru na Naivasha Januari 2008, familia nyingi zilikimbia na nguo walizovaa; nyumba zikaungua, na ndani ya nyumba zikaungua picha na kanda zote za ukoo. Kwa watu hao, sauti ya baba aliyekufa na sura ya boma lililokuwapo, kama vimesalia popote duniani, vimesalia katika kanda mama iliyosahauliwa kwenye sanduku la mtu aliyekuwa na duka la video mjini. Na kanda hiyo inakufa pia: sumaku yake hufifia mwaka kwa mwaka, kuvu huila, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki, iliacha kazi hiyo Julai 2016, kwa hiyo kila deki inayoharibika leo haina ya kuirithi.

Kwa sababu hiyo nawaomba waliopata kuwa na maduka hayo, na watoto wao waliorithi masanduku pasipo kujua yaliyomo, wasiyatupe. Madaftari ya wateja yahifadhiwe mahali pakavu. Kanda za filamu za watu zina wenyewe na hazitakosekana duniani, lakini kanda za harusi na mazishi hazina nakala nyingine. Idara ya Kumbukumbu za Taifa ina kituo chake Nakuru, chuo cha Egerton kina maktaba na wanafunzi wa historia, na serikali ya kaunti ina idara ya utamaduni. Mmoja kati ya hao akitafuta deki chache zinazofanya kazi na fundi mmoja wa kuzihudumia, kazi ya kuzihamisha kanda hizo inaweza kuanza mara moja. Mafundi wa kazi hiyo bado wako mjini, lakini ni wazee, na ifanywe wakiwa hai.